Kudai matunzo ya mtoto Tanzania Bara: kuanzia daftari hadi amri ya mahakama

"Hatukufunga ndoa, naweza kumdai?" "Jina lake halipo kwenye cheti, itakuwaje?" "Sheria inasema alipe shilingi ngapi kwa mwezi?" Maswali haya matatu hayaishi, na anayeuliza mara nyingi amekwisha kuzungushwa miezi kadhaa na majibu ya vijiweni. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayelea mtoto huku mzazi mwenzako amenyamaza, uwe mama, baba, au bibi aliyeachiwa wajukuu.

Majibu ya haraka kwanza. Ndoa si sharti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi amtunze mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake, na mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Jina kukosekana kwenye cheti hakukufungii mlango, ila kunaongeza kazi ya kuthibitisha. Na kiwango maalumu cha fedha hakipo. Sheria ya zamani, iliyofutwa na hii ya 2009, iliweka ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi kwa mtoto wa nje ya ndoa, na nadhani ndiyo maana hadi leo watu wanaamini kuna "bei ya serikali". Hakuna. Hakimu anaangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili, kisha anaamua. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumbukumbu na ushahidi: mwenye haki asiye na karatasi hupata kidogo kuliko anavyostahili mtoto wake.

Yaliyomo hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya mwaka 2011.

Kabla ya kuanza, kusanya hivi:

- Cheti cha kuzaliwa cha mtoto, au tangazo la kizazi kutoka hospitali, au kadi ya kliniki.
- Kitambulisho chako (NIDA, au cha mpiga kura kama NIDA haijatoka).
- Cheti cha ndoa au hati ya talaka, kama mlifunga ndoa.
- Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji unakoishi na mtoto.
- Majina kamili ya mzazi mwenzako, anakoishi, anakofanyia kazi, na namba zake za simu.
- Daftari moja jipya. Usichanganye na la vikoba wala la duka.

Usisubiri vyote vikamilike ndipo uanze. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kufuatiliwa RITA (wakala wa serikali unaosajili vizazi) huku hatua nyingine zikiendelea.

Hatua ya 1: Andika gharama za mtoto kwa mwezi mmoja mzima

Hapa ndipo wengi wanapopoteza shauri lao bila kujua. Anasimama mbele ya hakimu, anaulizwa "mtoto anatumia kiasi gani kwa mwezi?", anajibu "kama laki tatu hivi". Inatokana na nini? Kimya. Upande wa pili unasema elfu hamsini inatosha, na hakimu anabaki na makadirio mawili hewani.

Kila siku andika tarehe, kitu, bei. Sabuni ya kufulia nguo za mtoto. Dawa ya kifua. Nauli ya daladala kwenda shule na kurudi. Daftari. Kiatu kilichotoboka. Mwisho wa mwezi gawa kwa mafungu: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu. Mafungu haya yanafuata yale ambayo sheria yenyewe inayataja kama wajibu wa mzazi, na imetaja pia chanjo, malezi, na mtoto kupata nafasi ya kucheza na kupumzika.

Vitu vinavyotumiwa na nyumba nzima, gawanya kwa idadi ya watu. Kodi ikiwa 80,000 na mnaishi wanne, fungu la mtoto ni 20,000. Usiandike 80,000 yote. Wakili wa upande wa pili ataiona mara moja, na kuanzia hapo kila namba yako itatiliwa shaka. Vivyo hivyo kwa ada: kama mtoto yuko shule ya serikali, ambako ada ilifutwa, usiandike ada. Andika sare, madaftari, nauli, na mchango wa chakula cha mchana kama upo.

Gharama zisizokuja kila mwezi ziandike ukurasa wake. Sare inayonunuliwa mara mbili kwa mwaka, jumlisha bei za mara zote mbili, gawa kwa 12, ndipo uingize kwenye hesabu ya mwezi. Tunza risiti; pasipo na risiti, daftari lililoandikwa siku kwa siku lina uzito kuliko orodha iliyoandikwa usiku wa kuamkia mahakamani.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kwamba yeye ni mzazi

Kama mna ndoa, au jina lake lipo kwenye cheti na hajakataa mtoto, ruka hatua hii.

Kama anakana, au unahisi atakana, jua kwamba mahakama haiangalii cheti peke yake. Inapima pia kama jina lake limeandikwa kwenye rejista ya vizazi, kama alitimiza mila za kumtambua mtoto, kama aliwahi kumkiri hadharani kuwa ni wake, na kama amekataa kupimwa. Kukataa kipimo hakumwokoi. Kunaweza kuhesabiwa dhidi yake.

Kwa hiyo tafuta: ujumbe wa simu ("mama mtoto, nimetuma 30 ya maziwa, nyingine mwisho wa mwezi"), picha za siku alipokuja na wazazi wake kumwona mtoto, shangazi au jirani aliyeshuhudia, kadi ya kliniki yenye jina lake. Ujumbe usiupige picha tu. Utunze kwenye simu yenyewe, namba yake ikionekana. Simu ikiharibika au ukiuza laini, ushahidi umekwenda. Miamala ya fedha iombe kwa mtandao wako ikiwa imechapishwa, tarehe zikisomeka.

Tarehe zina uzito wa pekee. Maombi ya matunzo dhidi ya mwanaume anayedaiwa kuwa baba yanaweza kupelekwa mahakamani kabla mtoto hajazaliwa, au ndani ya miezi 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo yanapokelewa ukionyesha kwamba ndani ya miezi hiyo 24 aliwahi kutoa fedha za kumtunza mtoto. Aliyeondoka Tanzania Bara ndani ya kipindi hicho, miezi 24 inahesabiwa tangu aliporudi. Umeona sasa kwa nini ule muamala wa elfu thelathini ya maziwa, mtoto akiwa na miezi mitano, ni wa thamani kuliko unavyodhani? Usiufute kwa hasira.

Kama miezi hiyo imepita na huna muamala wowote, usikate tamaa. Sheria inaruhusu kuomba mahakama itamke nani ni mzazi wa mtoto wakati wowote kabla hajafikisha miaka 18, na mtoto mwenyewe ni miongoni mwa wanaoweza kuomba. Hapo mshirikishe msaidizi wa kisheria au wakili tangu mwanzo, maana mpangilio wa maombi una maana kubwa.

Kuhusu DNA: vipimo vinavyohusu mashauri hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na huendi dirishani mwenyewe na mtoto mgongoni. Ombi hupitia kwa mamlaka kama mahakama, ustawi wa jamii, polisi au wakili. Usimkate mtoto nywele ukampa mtu anayedai "ana jamaa maabara". Utapoteza fedha, na karatasi atakayokuletea haitapokelewa.

Hatua ya 3: Mwombe kwa maandishi, mara moja, kwa lugha ya staha

Ujumbe wa simu unatosha. Taja mtoto, taja mahitaji, taja kiasi na tarehe. Mfano: "Baba Juma, habari za kazi. Juma anahitaji sare na viatu kabla shule haijafunguliwa, jumla 65,000. Naomba pia tukubaliane matumizi ya kila mwezi. Naomba jibu lako hadi Ijumaa."

Usitukane, usimtaje mwanamke wake mpya, usitishie kumwaibisha kazini. Ujumbe huu unaweza kusomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Isitoshe, mahakama hupaswa kujiridhisha kwamba maombi dhidi ya anayedaiwa kuwa baba yameletwa kwa nia njema, si kwa kumtisha mtu wala kumkamua fedha. Ujumbe mmoja wa "utanijua mimi ni nani" unampa hoja ya bure.

Hatua ya 4: Nenda kwa afisa ustawi wa jamii

Yupo kwenye ofisi za halmashauri ya wilaya, mji au manispaa, na baadhi ya kata zina wa kwao. Mweleze, mwonyeshe daftari. Atamwandikia mwenzako wito wa kuja kuzungumza, na mashauri mengi hukomea hapa, jambo ambalo ni zuri: mtoto anaanza kula mapema na wazazi hawajavuana nguo mbele ya watu.

Mkikubaliana, makubaliano yaandikwe. Yataje:

- kiasi, na tarehe ya kulipa kila mwezi;
- njia ya kulipa (namba ya simu au akaunti ipi);
- nani analipia matibabu ya dharura na vifaa vya shule;
- siku za mzazi mwingine kuonana na mtoto;
- sahihi za wote wawili, afisa, na shahidi.

Ukipewa ahadi ya mdomo na kupeana mikono, hujapata kitu. Na hata makubaliano yaliyosainiwa yanaweza kupuuzwa baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mwulize afisa jinsi ya kuyapeleka mahakamani ili yawe amri. Amri ya mahakama inakazwa, yaani mahakama humlazimisha aitimize. Karatasi ya makubaliano peke yake inabembelezwa.

Kama unaogopa kukaa naye chumba kimoja kwa sababu amewahi kukupiga, mwambie afisa kabla hajaandika wito. Vipigo na vitisho peleka dawati la jinsia na watoto, kituo cha polisi. Mtoto akiwa hatarini, piga 116, ni bure.

Hatua ya 5: Fungua maombi mahakamani

Maombi ya matunzo husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Usitafute jengo lenye bango hilo kila wilaya; mara nyingi ni mahakama ile ile ya kawaida inayokaa kama Mahakama ya Watoto. Nenda masjala (ofisi ya kupokelea majalada) ya mahakama ya wilaya, sema "nataka kufungua maombi ya matunzo ya mtoto", karani atakuelekeza. Ukiambiwa kuna malipo, yafanye kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number), si mkononi mwa mtu.

Kama mna ndoa na unadai talaka, matunzo ya watoto yanaweza kuombwa ndani ya shauri hilo hilo chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu cha 129 cha sheria hiyo kinamwekea baba wajibu wa kuwatunza watoto hata kama wanaishi kwa mtu mwingine, na mama anaingia pale baba amefariki, hajulikani aliko, au hana uwezo.

Katika maombi yako eleza kwa ufupi: wewe ni nani, mtoto ni nani na ana umri gani, mjibu maombi (yaani unayemdai) ni nani na ana kipato gani kwa unavyojua, ameacha kutunza tangu lini, na unaomba nini. Omba vitu vilivyo wazi: kiasi kwa mwezi, matibabu, vifaa vya shule. Kama hali ni mbaya, omba pia amri ya muda wakati shauri linaendelea. Historia ya mapenzi yenu iache nyumbani.

Huna wakili? Wengi hawana. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa bure kwa wasio na uwezo, wakiwemo wasaidizi wa kisheria walioko hadi vijijini. Mashirika kama TAWLA (Chama cha Wanasheria Wanawake), WLAC (Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake) na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) yamefanya kazi hii kwa miaka mingi.

Hatua ya 6: Jiandae kuthibitisha kipato chake, na chako

Mahakama hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, kama kuna mwenye tatizo linalompunguzia uwezo wa kujipatia riziki, watoto wengine wanaomtegemea, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Mwajiriwa ni rahisi: taja mwajiri na kituo cha kazi, mahakama inaweza kuhitaji hati ya mshahara. Kazi iko kwa asiyeajiriwa. "Mimi ni bodaboda tu, sina kitu," atasema. Basi taja pikipiki ni yake au ya tajiri, kituo anachoegesha, na kama ana ya pili aliyompa kijana aendeshe. Mwenye duka, taja liko wapi na lina ukubwa gani. Mwenye nyumba ya kupangisha, taja vyumba vingapi. Mkulima, ekari na zao. Mlete mtu anayefahamu. Ila usiibe nyaraka zake wala kufungua simu yake kwa siri.

Na kipato chako usikifiche. Ukisema huna hata senti huku una genge linalokulisha, akalithibitisha, maneno yako mengine nayo yatapungua uzito.

Hatua ya 7: Siku ya shauri

Fika mapema, na nyaraka halisi pamoja na nakala. Shauri la mtoto husikilizwa faragha, kwa hiyo usije na msafara wa ndugu. Njoo na mashahidi unaowahitaji. Mahakama inaweza kumtaka afisa ustawi wa jamii afanye uchunguzi wa kijamii, yaani atembelee nyumbani na kuandika taarifa. Mpokee, jibu maswali, mwonyeshe mtoto anapolala. Usipange nyumba upya kwa ajili yake.

Ukiulizwa swali, jibu hilo tu. Usipofika bila taarifa, maombi yanaweza kufutwa.

Hatua ya 8: Amri ikitoka

Omba nakala yake na uisome yote: kiasi, tarehe, njia ya kulipa. Kila malipo yaandike kwenye lile daftari, na kila mwezi usiolipwa uandike pia. Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Uliza ukomo wa siku kabla hujatoka mahakamani.

Kama wewe ndiye unayedaiwa

Anza kulipa unachoweza leo, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Fedha taslimu uliyompa shangazi wa mtoto stendi ni vigumu kuithibitisha. Ukinunua vitu, tunza risiti. Kama umepoteza kazi baada ya amri, rudi mahakamani uombe ibadilishwe, usijipunguzie mwenyewe. Na kama huna hakika kuwa mtoto ni wako, sema hivyo mahakamani na uombe kipimo. Kukimbia mji hakukufutii ubaba.

Ukikwama

*Haji akiitwa ustawi wa jamii.* Hana haja ya kukubali ndipo uendelee. Omba maelezo ya maandishi kwamba aliitwa hakufika, nenda hatua ya 5.

*Anakwepa wito wa mahakama.* Mpe karani mahali pengine anapopatikana: kazini, kwa wazazi wake, kwa mtendaji wa mtaa wake. Ikithibitika amepata wito na hajafika, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja.

*Amri ipo, halipi.* Rudi mahakama iliyotoa amri na orodha ya miezi inayodaiwa, uombe ikazwe. Mahakama inaweza kuamuru makato kwenye mshahara au kukamata mali. Kutotimiza wajibu wa mzazi pia ni kosa chini ya Sheria ya Mtoto, lenye adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini fikiri kabla ya kuifuata njia ya kifungo: akiwa ndani hazalishi.

*Anasema atalipa nikimrudishia mtoto, au mimi nataka kumzuia asimwone hadi alipe.* Yote mawili ni makosa. Mtoto ana haki ya kutunzwa, na ana haki ya kuwaona wazazi wake. Kukaa na mtoto na siku za kuonana naye kuna maombi yake. Usimfiche mtoto kwa sababu ya deni. Utampa mwenzako shauri dhidi yako.

*Nimeolewa na mwingine.* Baba wa mtoto ni yule yule, na wajibu wake haukuhamia kwa mumeo.

*Gharama zimepanda tangu amri itoke.* Omba ibadilishwe, ukiwa na daftari la miezi ya karibuni. Mtoto aliyekuwa chekechea sasa yuko darasa la sita. Hiyo ni sababu tosha ya kuomba.

*Mtoto amefikisha miaka 18 yuko kidato cha tano.* Kwa kawaida amri hukoma akifikisha 18, au kabla ya hapo akipata ajira ya kujitegemea. Lakini mahakama inaweza kuiendeleza kama bado anasoma au yuko kwenye mafunzo. Peleka maombi kabla ya siku yake ya kuzaliwa, pamoja na barua ya shule.

*Baba amefariki.* Maombi ya kuthibitisha uzazi yanaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu kifo. Usingoje ndugu wamalize kikao cha ukoo. Fungua mapema, kwa kuwa mirathi ikishagawanywa kazi ya kumrudishia mtoto fungu lake huwa ndefu zaidi.